Kondansateri ya kukata besi kwa spika za mlango: ni ya ngapi na inaingia wapi?

dereva_wa_himbi (Goma)

Habari wakubwa na wadogo. Niko na Corolla ya zamani, ile yenye usukani kuume, nafanyia taxi hapa mjini, sana sana Birere kwenda Ndosho na kurudi. Nimeweka spika mpya kwa milango ya mbele, sentimita 16, kwa boksi wameandika ohm 4 na watt 300 kwa herufi kubwa (hiyo 300 mimi siiamini lakini tuache). Redio ni ya kichina, ya bluetooth na flashi, ampli hakuna.

Shida yangu: muziki ukiwa chini iko sawa kabisa, lakini nikipandisha tu na besi ikaingia spika zinaanza kukoroma, ile karatasi inaruka mpaka unaiona kwa macho, na sauti ya mwimbaji inazama. Sebene yenyewe, ile sehemu ya gitaa ambayo ndiyo mutu anangoja, haisikike, ni kelele tu. Wamama wananiambia punguza, vijana wa jumamosi magaribi wananiambia ongeza, mimi niko katikati.

Fundi mumoja akaniambia weka kondansateri itakata besi. Mwingine akacheka akasema kondansateri ni ile kubwa kama termosi inakaa karibu na batri, na bei yake ikanitoa mbio. Nani anasema kweli? Na kama ni ile ndogo, ni ya namba gani, inaingia kwa plus ao kwa moins (hasi), na moja inatosha kwa spika zote mbili ao kila spika na yake? Munisaidie ju redio sina pesa ya kununua ingine.

fundi_wa_birere (Goma)

Ndugu yangu hao mafundi wote wawili wako na haki, wanaongelea vitu viwili. Ile kubwa ya farad 1 inakaa kwa umeme wa batri, inasaidia ampli kubwa pale besi inavuta umeme kwa ghafula, haikati besi hata kidogo. Wewe huna ampli, isahau. Yako ni ndogo, inahesabiwa kwa µF, mikrofarad, na inaingia katikati ya waya wa spika: waya unatoka kwa redio, unaingia mguu mumoja wa kondansateri, unatoka mguu wa pili, unaenda kwa spika. Siyo plus na moins kwa pamoja, hapana, ukiiweka kukatiza kutoka plus kwenda moins haitakata besi, itaisumbua redio tu.

Kazi yake ni rahisi kuielewa. Umeme wa muziki unaenda na kurudi, wa besi unaenda polepole, wa sauti nyembamba unaenda mbio. Kondansateri inabana ule wa polepole na kuachia wa mbio. Gitaa ya besi, kamba yake nene kabisa, inapiga Hz 41, yaani mara 41 kwa sekunde moja. Sauti ya mwanaume akiongea inaanzia karibu Hz 85 na kupanda. Sasa spika ya sentimita 16 ndani ya mlango wa bati wenye matundu haina uwezo wa kutoa ile 41, itaruka tu bila kusikika, na kila Hz zikipunguka kwa nusu karatasi inatakiwa isogee mara 4 zaidi ndipo itoe sauti ileile. Ndiyo maana unaiona kwa macho.

Hesabu: chukua 159,000, gawa kwa ohm ya spika, halafu gawa kwa Hz unayotaka kukatia. Jibu ni µF. Kwa ohm 4:

µF 400 inakata karibu Hz 100
µF 330 karibu 120
µF 220 karibu 180
µF 100 karibu 400
µF 47 karibu 850

Wewe anza na 220. Chini ya hapo utabaki na sauti ya simu.

Lakini kabla hujatoa pesa ingia kwa menyu ya redio, pale kwa sauti, utafute kama kuna HPF, ile ya kukata besi. Zingine za kichina ziko nayo imejificha. Ukiiona weka 100 ao 120 na umemaliza, hakuna kukata waya.

dereva_wa_himbi (Goma)

Nimetafuta, hakuna HPF. Kuko bass, treble, balance, fader, na kitu imeandikwa LOUD.

fundi_wa_birere (Goma)

LOUD uizime leo leo. Hiyo inapandisha besi yenyewe, unaiomba redio kitu spika haiwezi. Zima, teremsha bass kidogo, sikiliza kwanza. Nusu ya watu wanaonijia na spika za kukoroma wanarudi nyumbani kwa hiyo tu na sipati hata franka.

yaya_elektro (Bukavu)

Naongezea kwa fundi ju kuna kitu amekipita na ndicho kinachochoma watu. Kondansateri ya 220 ukienda kuuliza sokoni, hapa Kadutu ao huko kwenu Birere, watakupa ile ya kutoa kwa TV na chaja, iko na mustari pembeni wenye alama za moins moins moins. Hiyo ina upande. Umeme wa spika unageuka geuka, leo plus uko huku kesho uko kule, kila mara ukiingia kwa upande mubaya unaila polepole, inavimba kichwa, inakauka, na siku moja inapasuka. Unatakiwa ile isiyo na upande, haina ule mustari wa moins, wanaandika BP ao NP kwa mwili. Ni ngumu kupata, nakubali. Zinapatikana ndani ya baffle za zamani za nyumbani, zile kubwa za mbao, ukifungua utaikuta imebandikwa kwa gundi karibu na bobini (waya uliozungushwa), lakini uiangalie namba ju mara nyingi hizo ni ndogo, za twita, ka-spika kadogo ka sauti nyembamba.

Ukikosa kabisa, fanya hivi mafundi wote wanafanya: chukua mbili zenye upande, zilingane, ungana moins ya moja na moins ya ingine, zile plus mbili zinabaki inje, moja kwa redio moja kwa spika. Sasa inakuwa kama haina upande. Lakini makini hapa: zikifuatana hivyo thamani inakuwa nusu. Mbili za 470 zinakupa 235, kwa ohm 4 ni karibu Hz 170. Iko vizuri kabisa kwa kazi yako. Mbili za 220 zitakupa 110 na utasema wakubwa wametudanganya, muziki umekuwa kama wa simu.

Volt: 50 inatosha kwa redio bila ampli, hata 35 inaweza, lakini chukua 50. Siku utaweka ampli kubwa ndipo tutaongea 100.

Na usiibadilishe 220 ya BP kwa ile ya manjano ndogo ya plastiki, wauzaji wanaweza kukwambia zote ni kondansateri. Ile ya manjano ikiandikwa 225 siyo 225 µF, ni 2.2. 335 ni 3.3, 475 ni 4.7. Hizo ni za twita tu. Ukiweka 4.7 kwa spika yako ya ohm 4 inakata kwa Hz 8,500 karibu, utasikia tss tss tss kama umefungulia chupa ya Fanta na basi.

boss_wa_katindo (Goma)

Mimi naona munamupotosha huyu kijana. Kondansateri inaua muziki. Mutu anataka besi ndiyo maana ananunua spika. Anunue ampli ya channel 4 na spika zitalia bila kukoroma, tatizo ni redio haina nguvu. Watt 50 mara 4 ya kichina ni uongo.

fundi_wa_birere (Goma)

Boss, watt ni uongo kweli, hapo nakuunga mkono. Volt za gari likiwaka ni 14.4, spika ohm 4, redio bila ampli hata ingekuwa ya mjapani haiwezi kupita watt 26 safi kwa kila spika, na kwa kweli zinatoa 15 hivi mpaka 20. Ile 50 ni ya kuandika kwa kioo.

Lakini angalia hiyo nguvu ndogo inaenda wapi. Besi ndiyo inakula karibu yote. Redio ikifika mwisho inakata vichwa vya umeme, na ule umeme uliokatwa vichwa ndio unakoroma, na ndio unaounguza pia ka-twita ka katikati. Sasa ukimuondolea besi ambayo spika haiwezi hata kuitoa, zile watt 15 zote zinabaki kwa gitaa na sauti. Kwa hiyo inaonekana kama umeongeza nguvu na hujaongeza kitu. Kwa 220 na ohm 4, ikifika Hz 90 spika inapata sehemu moja kwa tano tu ya nguvu, ikifika 45 inapata moja kwa kumi na saba. Besi haiishi ghafula kama ukuta, inateremka.

Ampli aweke siku yake ikifika, lakini spika hizohizo kwa mlango huohuo na ampli ya nguvu bila kukata besi, atanunua spika zingine mwezi huo huo.

boss_wa_katindo (Goma)

Sawa, lakini besi atatoa wapi?

yaya_elektro (Bukavu)

Kwa sabufa yaya. Spika ya mlango haikuumbwa kwa besi. Na tafadhali kondansateri isiende kwa sabufa, kuna mutu aliniletea gari, ameweka kwa zote, analalamika sabufa iko kimya. Sabufa inataka kinyume, ni bobini ama LPF ya ampli yake, ile inayoachia besi na kukata sauti nyembamba.

noah_ya_kamalondo (Lubumbashi)

Batu ba Goma jambo. Ile swali yake ya moja ao mbili hamujamujibu vizuri. Huku Lubumbashi mafundi wengi wa taxi-bus banaweka moja tu, banafunga spika mbili kwa waya moja halafu kondansateri moja mbele. Inafanya, lakini hesabu inabadilika na njo hapo banakosea. Spika mbili za ohm 4 zikifungwa plus kwa plus na moins kwa moins zinakuwa ohm 2. Ukibakiza 220 ileile itakata kwa Hz 360, siyo 180. Unatakiwa uongeze mara mbili, 440 hivi. Na redio nyingi hazipende ohm 2, zinachemka mpaka zinajizima zenyewe kwa jua la mwezi wa kumi. Mie nasema kila spika na yake, hakuna ubishi. Na ukiweka moja moja, kushoto kunabaki kushoto na kuume kuume, haichanganyike.

Kingine, Noah yangu nyuma niliwekewa spika zilizotoka kwa radio ya nyumba, ohm 8. Hapo ni kinyume, µF inakuwa nusu: 110 inakupa ile Hz 180. Kama haujui spika yako ni ohm ngapi itoe waya, uipime na multimetre: ya 4 itakuonyesha 3 na kitu, 3.2 mpaka 3.8 hivi, ya 8 itakuonyesha 6 ao 7. Usingoje isome 4 kamili, haitasoma.

dereva_wa_himbi (Goma)

Asanteni sana wakubwa, yaya mungu akubariki, nimeelewa mingi. LOUD nimeizima na kweli kukoroma kumepunguka lakini hakujaisha. Nimepata 470 nne za volt 50 kwa kijana anayetengeneza TV, kwa hiyo kila mlango mbili mgongo kwa mgongo. Maswali mbili tu: naziweka kwa waya wa plus ao wa moins? Na naziweka ndani ya mlango ao nyuma ya redio? Na kuna rafiki ananiambia waya wa moins wa spika nikamate kwa bodi ya gari nipunguze waya.

fundi_wa_birere (Goma)

HAPANA kwa huyo rafiki. Usikamate kwa bodi. Redio za siku hizi kila spika inasukumwa na waya zote mbili, hakuna moja ambayo ni masi, yaani moins ya bodi. Ukipima kila moja na batri utakuta karibu nusu ya volt za batri, 6 ao 7, hata muziki ukiwa kimya. Ukigusisha bodi umefanya short, ukiwa na bahati redio inajizima, ukikosa bahati umeua channel hiyo na fyuzi itakuwa bado nzima inakuangalia. Gari za zamani sana zilikuwa na masi ya pamoja, labda rafiki yako amejifunzia huko.

Plus ao moins ya spika, kwa kondansateri ni sawasawa, itakata besi ileile. Sisi tunaweka kwa plus ili fundi atakayekuja nyuma ajue pa kutafuta. Muhimu milango yote miwili uweke upande uleule.

Nyuma ya redio. Mlango wa Corolla unaingia maji kila mvua, yanapita kwa kioo yanashuka ndani, na kioo kikiteremka kinaweza kukamata waya. Nyuma ya redio kuko kukavu na waya zote nne ziko hapo hapo, hautafungua hata mlango mumoja.

yaya_elektro (Bukavu)

Na uzifunge. Hii ndiyo naona kila siku: fundi analehemu vizuri kabisa, anaacha kondansateri inaninginia kwa miguu yake myembamba, halafu gari inaenda kupita kwa mawe. Kwenu barabara za lava, kwetu mashimo ya kupandia Panzi, ni kitu kimoja. Mguu unapinda, unarudi, unapinda, unakatika, spika inaanza kukata kata ukipita shimo na mutu anafikiri spika imekufa, anaenda kununua ingine. Lehemu, vuta kidogo uone kama inashika, vika kila mguu plastiki yake ama tepu, halafu zile mbili uzifunge pamoja na kamba ya plastiki kwa furushi la waya za redio. Miguu ya plus zisiguse kitu chochote cha chuma.

Kama hauna chuma cha kulehemu usisokote kwa mukono tu na tepu. Tafuta domino ndogo za vis, zile za taa, ni bei ya chini na zinakaza.

Mbele ya kufunga angalia pia spika zako mbili zinasukuma pamoja. Batri moja ndogo ya 1.5, ile ya rimoti, plus kwa plus ya spika, moins kwa moins, gusa kidogo tu: karatasi itoke inje. Ikiingia ndani, alama yake ni uongo ao waya imegeuzwa. Fanya hivyo kwa waya za spika zenyewe kabla kondansateri haijaingia, ju ikishaingia haipitishe umeme wa batri, itagutuka mara moja tu na basi. Mlango mumoja ukisukuma na mwingine ukivuta besi inapotea katikati ya gari bila hata kondansateri, na mutu anabaki kulaumu.

boss_wa_katindo (Goma)

Hiyo ya batri ni kweli, ilinitokea gari ya mudogo wangu. Spika mpya, besi hakuna, tukageuza waya moja ikarudi.

dereva_wa_himbi (Goma)

Wakubwa nimefunga leo asubuhi kabla ya kazi. Karatasi haziruki tena. Nimepandisha mpaka pale zamani ilikuwa inakoroma, nikapita tena, sebene inasikika kila kidole. Mama mumoja wa Majengo amepanda, hajasema punguza, ameuliza tu kama nimebadilisha redio.

Lakini kweli besi ya katikati imepunguka, ngoma ya muguu imekuwa kama kofi. Kaka wa Lubumbashi, nikiweka 1000 badala ya 470 inakuwaje?

noah_ya_kamalondo (Lubumbashi)

Mbili za 1000 zinakuwa 500, kwa ohm 4 ni Hz 80 kwa karatasi. Lakini kwa kweli hapo kondansateri inaanza kudanganya. Ile ohm 4 haikae 4 kila pahali, spika ya mlango inapofika Hz 70, 80 hivi inapanda yenyewe, inaweza kuwa ohm 15 ao 20, na kondansateri ikiona ohm nyingi inakata kidogo sana. Kwa hiyo 1000 mbili utakuwa karibu haujaweka kitu. Njo maana namba kubwa watu wanasema haifanye, na wako na haki. Jaribu mbili za 680, zinakuwa 340, karibu Hz 120. Ukisikia bado inakoroma rudi kwa 470.

fundi_wa_birere (Goma)

680 nakubali. Ila mbele ya hapo fungua mlango uangalie yale matundu makubwa ya bati nyuma ya spika, kama ile nailoni ya kiwanda imechanika upepo wa mbele na wa nyuma ya karatasi unakutana na besi inakufa hapo hapo. Funika na nailoni nzito na gundi ya butili, uache nafasi ya chini maji yatoke. Ngoma yako ya muguu iko ndani ya huo mlango, siyo ndani ya kondansateri.

hiace_ya_uvira

Wakubwa samahani naingilia, mimi niko na zile spika za mviringo wa yai, inchi 6 kwa 9, za nyuma, zimeandikwa ohm 4, na redio iko na HPF ila inasimama kwa 80 tu. Niweke na kondansateri juu yake ao?

yaya_elektro (Bukavu)

Hapana kaka, 6 kwa 9 na 80 iko sawa, acha hivyo. Labda kama sanduku la nyuma halina ubao wa kuzifungia. Ziko kwa nini, ubao ao kwa kitambaa tu?